Maswali ya Wasomaji: Kwa Miguu Hadi Namugongo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa Mwanza na vitongoji vyake wanaojiandaa kwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu, wafike kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Karibu kila barua inauliza njia, basi tuanze na hiyo. Mwenye wiki mbili na siku chache tu tunamshauri apande meli ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba, aanze kutembea hapo. Kutoka Bukoba kupitia Kyaka, Mutukula, Masaka na Kampala ni kilometa 310 hivi. Ukitembea 25 kwa siku ni siku 13, na uongeze mbili za kupumzika. Anayetaka kuanzia Mwanza yenyewe, kwa daraja la Kigongo–Busisi, Geita na Biharamulo, aongeze kilometa 400 hivi, na asikatize mapori ya Biharamulo bila gari la kusindikiza.

Nina miaka 34, nina duka Igoma, kutwa nzima nimekaa. Nikitembea kilometa tano nahema. Zimebaki wiki 16 kabla ya kuondoka. Nitaweza?

Utaweza, dada, ila anza wiki hii. Pumzi isikutie hofu, kwa sababu moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Vinavyochelewa ni kano za miguu na mifupa, na ndivyo vinavyowarudisha watu nyumbani. Mtu anajiona ana nguvu wiki ya tano, anaongeza safari maradufu, wiki ya sita ugoko unauma hadi anashindwa kushuka ngazi.

Tembea siku nne kwa wiki. Siku tatu ziwe za kilometa 5 tu, asubuhi kabla ya kufungua duka. Jumamosi ndiyo safari ndefu: kilometa 8, kisha 10, kisha 12, na wiki ya nne urudi 8. Kurudi chini huko usikuruke, maana ndiyo wiki ambayo mwili unajijenga. Halafu 14, 16, 18, urudi 12. Halafu 20, 22, 24, urudi 15. Wiki ya 13 tembea siku mbili mfululizo, Jumamosi 20 na Jumapili 12 baada ya misa. Wiki ya 14 iwe 22 na 18. Siku ya pili ndiyo mwalimu: kutembea na miguu iliyochoka jana ni kitu tofauti kabisa na kutembea umbali mrefu mara moja. Wiki ya 15 punguza iwe 12, na ya mwisho tembea kidogo kidogo tu.

Mwendo wako uwe wa kuweza kusali rozari kwa sauti bila kukata maneno. Ukishindwa kumaliza Salamu Maria moja kwa pumzi ya kawaida, unakimbia. Kutoka Igoma barabara ya Kisesa inakufaa, kwa kuwa ina vilima na pembeni pana udongo. Tembea kwenye udongo kila unapoweza. Ukingo wa lami umeinama kwa ajili ya maji ya mvua, na mguu mmoja ukikaa chini ya mwingine kwa saa nne, nyonga na goti ndivyo vitakavyolipa. Kuanzia wiki ya tisa beba begi lenye mzigo ule ule wa safari, usizidi kilo moja kwa kila kilo kumi za uzito wako. Mwenye kilo 65 aishie sita.

Mwaka jana nilifika Masaka nikapanda basi, nyayo zote malengelenge. Nilikuwa na raba mpya kabisa. Kosa langu ni nini? (Nyegezi)

Upya wenyewe ndio kosa la kwanza. Raba inatakiwa iwe imeshatembea walau kilometa 100 mguuni mwako kabla ya safari. La pili, pengine ilikuwa saizi yako ya kila siku. Baada ya siku mbili tatu za barabara mguu huvimba, kwa hiyo nunua jioni ukiwa umeshatembea, vaa soksi utakazosafiri nazo, simama, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paingie upana wa kidole gumba. Ukinunua mtumba pale Mlango Mmoja, iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholalia upande mmoja ni cha miguu ya mwenyewe wa kwanza, kiache. Ikunje: inapaswa kukunjika vidoleni, isikunjike katikati. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au gundi inameguka unga, soli itakuachia njiani hata kama juu inang'aa. Aliyekulia kwenye katambuga, viatu vya matairi, na nyayo zake zimekomaa anaweza kwenda nazo, hatumkatazi. Asiyezizoea asijaribu safarini.

Sasa malengelenge yenyewe. Hayaletwi na kusuguka kwa nje tu. Ngozi ya juu inashikwa na soksi, mfupa chini yake unaendelea kwenda, na tabaka za ngozi zinavutana mpaka zinaachana na maji yanajaa katikati. Unyevu huzidisha kushikwa huko. Ndiyo maana soksi ya pamba, inayokunywa jasho na kubaki nalo, ni adui. Vaa mbili: nyembamba ya nailoni au poliesta ndani, nene kidogo juu, ili soksi zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Beba jozi tatu za ndani. Mei mvua za upande wa Bukoba bado hazijaisha, na soksi iliyolowa ibadilishwe papo hapo, si jioni.

Kuna dakika kama kumi ambazo kila kitu huamuliwa. Kabla ya lengelenge, pale mahali huanza kuwaka, kama umeegemea kikombe cha chai. Simama hapo hapo. Vua, futa, kausha, kata kipande cha plasta ya kitambaa, kata pembe zake kwa mkasi ziwe za mviringo zisiinuke, kibandike bila mkunjo hata mmoja. Usipake mafuta ya mgando mahali utakapobandika, plasta haitashika, chagua kimoja. Wengi hawasimami kwa sababu wanaona haya kuwachelewesha wenzao. Wanajikaza kilometa nne, na kesho yake kundi zima linawasubiri nusu siku. Mazoezini jizoeze kusema "nisubirini" ukiwa bado mzima. Ni neno gumu kuliko kilima chochote cha njia hiyo, na tunaamini ndilo zoezi la kwanza la roho katika hija ya miguu.

Lengelenge likishajaa na linauma kukanyaga: nawa mikono na mguu kwa sabuni, pangusa sindano mpya kwa spiriti, toboa pembeni chini matundu mawili, kamua taratibu kwa shashi safi, acha ngozi ya juu ilivyo, funika. Ile desturi ya kupitisha uzi na kuuacha ndani iacheni. Uzi ni njia ya vijidudu. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni au homa, safari imesimama, tafuta zahanati. Kucha zikatwe zikiwa sawa, wiki moja kabla, si usiku wa kuondoka.

Na tafadhali: msitumbukize miguu ziwani kuipoza, hata maji yakivutia namna gani. Kichocho hupenya kwenye ngozi nzima ndani ya dakika chache, seuze yenye vidonda. Tumieni maji ya bomba, au yaliyochemshwa yakapoa.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya huku Buswelu. Tuko 18. Nipange nini kuhusu maji, chakula, barabara na karatasi?

Karatasi kwanza, mzee wetu, kwa kuwa haziharakishwi. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, hivyo anayechanjwa wiki ya kuondoka anaweza kukwama mpakani Mutukula.

Barabarani tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine. Uganda nao magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo hamtabadili upande. Wa kwanza na wa mwisho wavae reflekta. Anayetangulia awe yule wa polepole kuliko wote. Mwenye mbio muweke nyuma. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mpumzike kuanzia saa tano hadi saa tisa, mmalizie jioni. Kila saa moja simameni dakika kumi, na kila kituo cha pili kila mtu avue viatu, anayeumwa na asiyeumwa, ili asiwepo wa kuona haya. Baada ya Lukaya mtaingia Lwera, barabara ndefu iliyokatiza kinamasi, kivuli hakuna na malori hayaishi. Ipiteni alfajiri.

Maji ni nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali, yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini na kusubiriwa nusu saa. Anayekunywa maji matupu kutwa nzima bila chumvi huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, wenzake wakadhani ana kiu na kumwongezea. Katika kila lita moja koroga vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mnywe saa za jua. Chakula cha mkononi mnacho nyumbani: matobolwa na karanga. Matobolwa ni kiazi kitamu kilichochemshwa, kikakatwa na kuanikwa: ni chepesi, hakiozi, na ukikitafuna polepole kinakupeleka saa mbili. Michembe, iliyoanikwa bila kuchemshwa, ibaki nyumbani, hiyo inahitaji sufuria. Usiku kula ugali na dagaa mshibe, asubuhi uji. Mkivuka mpaka mtakutana zaidi na matoke. Ongezeni maharage, ndizi peke yake haikai tumboni.

Nimekwenda hija mbili kwa basi na nimerudi yule yule. Nina hasira za haraka, nyumbani wananiogopa. Kutembea kutanibadilisha? (Nyamanoro)

Kaka, asante kwa kuliandika hili bila kujificha. Barabara itakuonyesha hasira yako vizuri sana. Kazi ya kuibadilisha utaianza hapa Mwanza.

Chukua nia hiyo moja, usiibebe pamoja na nyingine saba. Nunua daftari dogo. Kila usiku, tangu wiki ya kwanza ya mazoezi, andika mistari mitatu: nilikasirika saa ngapi, nilikuwa nimekula na kulala vipi, nilimfanyia nini aliyekuwa mbele yangu. Baada ya wiki mbili soma kurasa zote kwa pamoja. Mara nyingi saa hujirudia, njaa hujirudia, na mtu anayeumia hujirudia. Huyo nenda ukamwombe radhi kabla ya kuondoka, kwa kumtajia tendo lenyewe. "Nisamehe kama nimekukosea" haitoshi.

Siku za Jumamosi tembea nyuma ya mtu anayekwenda polepole kuliko wewe, kilometa zote, bila kumpita na bila kumhimiza. Saa moja ya mwanzo iwe ya kimya, simu imezimwa. Utachukia. Endelea. Njiani, siku ya nne au ya tano, usingizi ukiwa umepungua na mmoja amechelewa tena kufunga begi, utakuwa umeshakutana na hali hiyo mara nyingi, na utajua kusema "naomba nikae pembeni kidogo" kabla ya kusema lile lingine.

Kuna jambo la historia linalokuhusu, na lilipita pwani yetu hii. Padri Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kufika Buganda, walivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Kageye, wakafika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Novemba 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka Buganda, wakarudi kusini mwa ziwa, na 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, hapa hapa Misungwi. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu vijana Wakristo wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ambao wengi wao ndio waliokuja kuwa Mashahidi, walikaa bila padri. Walifundishana wenyewe, Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwaongoza, na alipouawa Novemba 1885 akashika Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Waanglikana nao waliuawa. Waliokomaa kiasi hicho walikomaa katika miaka ambayo mlezi wao alikuwa ng'ambo ya ziwa. Nenda Bukumbi iwe safari yako ya mazoezi ya wiki ya 14, ulale huko, ukae kimya hapo.

Ukirudi, usiache daftari wala Jumamosi. Mwambie mkeo au ndugu mmoja unachojaribu, umpe ruhusa ya kukuuliza.

Nina miaka 63, nina kisukari. Watoto wanakataa nisiende. (Magu)

Shikamoo mama. Watoto wana hoja, kwa sababu kisukari hufisha hisia za nyayo na kidonda unaweza usikisikie. Nenda kliniki, omba wakupime hisia za miguu. Wakikuruhusu, panda gari hadi Kampala utembee kipande cha mwisho, kilometa 15 hivi, na mtu wa kukukagua nyayo kila kituo. Lengelenge lako lisitobolewe na yeyote njiani. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na glukosi karibu.

Siku za mwezi zitanikuta njiani. Na mapaja huchubuka. (Buhongwa)

Badilisha pedi kila saa nne hata kama haijajaa, unyevu na mwendo ndivyo vinavyochubua. Vaa bukta ndefu ya kubana chini ya sketi au kitenge, paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kuondoka na tena saa tano. Beba mifuko ya kufunga ya kuwekea zilizotumika, maana vyoo vya njiani ni vichache. Mwambie dada mmoja kundini mapema, ili ukihitaji kusimama awe wa kwanza kusimama nawe.