Mtumishi anasema bila Kigiriki hatuelewi Biblia, ni kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Uyole hapa Mbeya. Juzi kati kanisani tulikuwa na semina, akaja mtumishi mgeni akafundisha jioni nzima neno moja la Kigiriki, sunesis, eti huo ndo ufahamu wa rohoni, ila gnosis, yaani maarifa, ni ya kichwani tu, na asiyejua Kigiriki anasoma Biblia juu juu. Tangu hapo ukiuliza swali kwenye kwaya wanakwambia "we huna sunesis". Mama yangu kaishia darasa la nne na Biblia yake ya Kiswahili haimtoki mkononi, ina maana haelewi kitu? Halafu Mathayo 13:19 imeandikwa "asielewe nalo", hilo "nalo" ni kosa la uchapaji?

JIBU: Marahaba dada. Neno lipo kweli, hajalitunga, kwenye Agano Jipya linatokea mara 7, na limetokana na kitenzi chenye maana ya kuleta vitu pamoja. Kwenye Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa mshairi Homer, karne nyingi kabla ya Paulo, limetumika kabisa kwa mahali mito miwili inapokutana, kama Ruaha Mdogo ukishaipita Iringa unavyoenda kuingia Ruaha Mkuu. Wahubiri wanapenda sana hapa! Ila asili ya neno ni kitu kimoja na jinsi watu walivyolitumia ni kingine, wakati wa Paulo mtu akisema sunesis alimaanisha tu ufahamu, akili ya kushika jambo, wala hakuwa anawaza mito.

Hilo la rohoni ndo silikubali kabisa. Fungua Wakolosai 1:9, Paulo anawaombea wapate "ufahamu wa rohoni", sasa kama sunesis peke yake tayari ni ya rohoni, hilo "wa rohoni" kaliongeza la nini? Na 1 Wakorintho 1:19, akimnukuu Isaya, Mungu anasema atakataa akili za wenye akili, neno ni hilohilo sunesis, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo na bado ikakataliwa. Na gnosis kuiita ya kichwani tu ni kuionea, maana Filipo alipomkuta yule Mwethiopia anasoma Isaya garini akamuuliza kama anaelewa anachosoma (Matendo 8:30), kitenzi pale ni cha ukoo wa gnosis, na yule bwana akatoka hapo kabatizwa.

Hao wa kwaya waambie wasome Luka 2:46-47. Yesu ana miaka 12, yuko hekaluni kakaa katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali, na watu wanashangaa "fahamu zake". Neno ni sunesis hilohilo wanalokurushia wewe kwa sababu umeuliza.

Kuhusu mama, soma Mathayo 13 yote kwa mkupuo, kitenzi cha sunesis kimo humo mara 6. Kwenye mfano wa mpanzi mbegu ya njiani ni mtu anayesikia haelewi, ya udongo mzuri anasikia, anaelewa, anazaa, wala hakuna aliyeulizwa kasoma mpaka wapi. Mstari wa 51 Yesu anawauliza wanafunzi mmeyaelewa haya yote, wanajibu ndiyo fasta, ukifika 15:16 anawauliza hata ninyi bado hamna akili? Na hao walikuwa naye kila siku. Kigiriki kinasaidia, mi nakipenda, lakini mama akisoma "ufahamu" kwenye Biblia yake kapata neno lenyewe, hajapewa makombo.

Hilo "nalo" si kosa la uchapaji. Zamani walisema "jambo limenielea", yaani limekuwa wazi kwangu, sasa ukiligeuza hilo unapata "nimeelewa na jambo", kama unavyosema nimependwa na mama, ndo maana waliotafsiri wakaandika "asielewe nalo", yaani lile neno halijamwelea. Siku hizi tunasema tu "hajalielewa", na ukisoma hivyo kanisani hakuna atakayekukosoa.