Re: Baiskeli vijijini Ufaransa bila mazoezi makali, inawezekana?

Dada umeuliza kama wewe na mzee mnaweza kuzunguka vijijini Ufaransa kwa baiskeli na hamna mazoezi na mnaogopa magari, mnaweza kabisa. Anzeni na bonde la mto Loire, njia ya baiskeli ya La Loire à Vélo ina kama kilomita 900 ila nyie chukueni kipande tu, mfano mji wa Blois mpaka Tours kwa siku mbili bila haraka, sehemu kubwa ni tambarare. Mkitoka kwenye njia hiyo fuateni barabara ndogo za D (yaani départementale, za mkoa), kwenye ramani ya barabara ya Michelin ni zile zilizochorwa nyeupe, nyekundu achaneni nazo ndo magari yanakopita. Nje ya mji sheria inamtaka dereva akuachie mita 1.5 akiovateki. Cha kuangalia sana ni msosi, maduka mengi ya vijijini yanafungwa saa sita mpaka saa nane mchana, Jumapili jioni ndo usiseme, so mkate nunueni asubuhi. Maji mi huwa najaza makaburini, mara nyingi pana bomba la kumwagilia maua karibu na geti, ila soma kibao kwanza, kikisema "non potable" (si ya kunywa) usinywe hata tone.