Friji inapoa, inagoma, inapoa tena

SWALI: Kijana wangu alibandua barafu kwa kisu akatoboa bomba la friji ninayowekea juisi za biashara. Fundi aliliziba siku tatu baadaye, akajaza gesi. Sasa inapoa vizuri kwa saa kadhaa, kisha inaacha huku mota ikiunguruma. Nikiizima usiku, asubuhi inapoa tena. Fundi anataka hela ya kuongeza gesi. Nimpe?
Muuza juisi, Tanga

JIBU: Usimpe, dada. Gesi ikiwa pungufu, friji inapoa nusunusu kutwa nzima, haichagui saa. Yako imeingia maji. Siku tatu bomba li wazi, kwa hewa ya pwani! Na mafuta ya kompresa (hiyo mota) ya gesi ya R134a, ambayo nadhani ndiyo yako, yana uchu wa unyevu. Maji hayo yakifika mwisho wa kapilari, kale kabomba kembamba kanakoingia freeza, yanaganda na kuziba njia. Ukizima, barafu inayeyuka.

Ikigoma, bandika hapo kitambaa cha maji ya moto. Ukisikia gesi ikipita fyuu, umepata jibu. Moto usiusogeze, maana friji nyingi za siku hizi zina R600a, nayo inawaka.

Fundi atoe gesi yote, abadilishe draya, kile kichujio kinachonasa unyevu, kisha avute vakyumu, yaani afyonze hewa yote ndani, kwa pampu yenyewe, si kompresa kuukuu ya friji, mtindo ulionichosha. Hewa iliyobaki ndani haigeuki kimiminika kama gesi. Inapandisha presha na kuichemsha kompresa bure. Maji nayo yanatoka kwa kuchemka: presha ya kawaida ni mikroni 760,000 (mikroni ni kipimo cha presha ndogo sana) na yanataka nyuzi 100, lakini ukiishusha chini ya 30,000 yanachemka kwa joto hilohilo la Tanga. Unyevu uliojificha kwenye mafuta ni mbishi zaidi, ndiyo maana tunashuka hadi 500, na dakika tano hazifiki huko. Geji ya mishale haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Inatakiwa geji ya mikroni.

Akifika 500 afunge vali, asubiri dakika kumi. Namba ikipanda kisha ikatulia juu, bado kuna maji, avute tena. Ikipanda bila kukoma, kiraka chake kinavuja. Ikikaa chini ya 1,000, ajaze gesi kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, asikisie kwa kugusa bomba.