Kuwafundisha Watoto Yaliyomo Ndani ya Kompyuta

Mwalimu mgeni katika somo hili mara nyingi huchora mchoro ubaoni na kuwakaririsha watoto majina, naye huishia kupata darasa linalojua majina matupu. Ni afadhali kuanza na kompyuta ya mezani iliyokwisha kuharibika, kwa kuwa sehemu zake ni kubwa na huchomoka kwa urahisi, ilhali betri ya kompyuta mpakato ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Chomoa waya wa umeme kwanza, toa mwenyewe betri ndogo ya duara inayotunza saa, kwani mtoto akiimeza huunguza koo, na usimruhusu yeyote kufungua kasha la pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), ambamo kapasita huendelea kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Watoto watatafuta prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya kompyuta, na hawataiona, kwa sababu imefunikwa na bonge la chuma lenye feni. Waache wajiulize kwa nini kitu kidogo hivyo kinahitaji kupozwa kiasi hicho. Wengi huiita ubongo. Mimi huliepuka jina hilo, maana mtoto huondoka akiamini kwamba prosesa inafikiri, kumbe inatekeleza tu maagizo mepesi kwa kasi kubwa mno. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista (swichi ndogo mno za umeme) zipatazo 2,300. Za leo zina mabilioni.

Panapohitaji subira zaidi ni tofauti kati ya kumbukumbu ya RAM, inayoshika kazi kwa muda tu, na diski, inayotunza faili, kwa kuwa zote mbili husemwa kuwa "zinahifadhi". Tumia kompyuta nzima isiyo na kitu cha thamani: mtoto aandike sentensi bila kuihifadhi, kisha umeme ukatwe, naye aone kwamba sentensi imepotea ilhali faili za zamani zipo. Baada ya hapo fungua diski kuukuu ya sahani, ambayo ikifanya kazi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. (Tarajia kelele: sahani hizo hung'aa, na kila mtoto atataka kujitazama.)

Unapowapima, usiwaulize majina. Uliza kitakachotokea sehemu fulani ikiondolewa, kisha zima ile kompyuta nzima, ondoa sehemu hiyo na uiwashe kompyuta tena mbele yao: bila diski, skrini itawaka na kulalamika kwamba haioni mfumo wa kuendeshea (programu kuu inayoiendesha kompyuta); bila RAM, haitaonyesha chochote.