Usisubiri Mwezi wa Tano Ndo Uanze Kumtafuta Diwani

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano watu huku mwaloni, mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, ndo wanaanza kuandika barua, choo kimejaa, vichanja vya kuanikia dagaa havitoshi, taa hakuna, wanapeleka manispaa wanapigwa kalenda. Jamani, mwezi wa tano bajeti ishafika Dodoma! Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linakaa toka Aprili, na kabla ya hapo baraza la madiwani lishapitisha makadirio yake, kabla ya hapo tena yamepita kamati ya maendeleo ya kata. Kwa hiyo ishu yenu isemwe kwenye mkutano wa mtaa Oktoba, Novemba hivi, na mhakikishe imeingia kwenye muhtasari maana isipoandikwa ndo imekufa hiyo.

Mi niko na akina mama wa dagaa hapa Ilemela, Mwanza, muda sasa, na nachowaambia wenzangu ni kwamba mtu unamjenga kipindi ambacho huna unachomwomba. Mtendaji wa kata mjue, afisa uvuvi mjue, viongozi wa BMU, kile kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi hapa mwaloni, ndo usiseme. Diwani akifiwa nenda, akiitisha usafi wa soko nenda, akitekeleza jambo mpigie umwambie asante Mheshimiwa, simu anazopokea nyingi ni lawama na michango tu. Simaanishi bahasha, bahasha kesho anakuja mwenye nene zaidi yako na umeisha. Namaanisha akisikia sauti yako ajue huyu mama akisema kitu ni kweli.

Na ukienda kwa diwani nenda na karatasi moja, wachuuzi mko wangapi, ushuru mnalipa kiasi gani kwa mwezi, mvua ikinyesha dagaa zinaharibika kiasi gani, maana kule barazani ataulizwa na wataalamu na asipokuwa na majibu hoja yenu inapita hivi hivi.

Halafu kuna kalenda ya ziwa. Wavuvi wa dagaa wanaingia usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Ukiitisha kikao kipindi cha giza wavuvi wamelala mchana, akina mama wako juani wanaanika, kiongozi anakuja anakuta viti vitupu. Mwenyekiti wa mtaa akianza kutafuta tarehe ya mkutano wa Oktoba, mwombeni mapema aiweke kwenye mbalamwezi.