Jibu: Kukwama si sawa na kurudi nyuma

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama mwanao wa miaka 4, aliyeanza tena kukojoa kitandani tangu mdogo wake azaliwe, "amekwama" kwenye hatua ya haja, yaani ya kujifunza kutumia choo, katika nadharia ya makuzi ya Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. La. Kukwama ni sehemu ya nguvu za nafsi kubaki kwenye hatua fulani kwa kuwa mtoto alinyimwa mno au alidekezwa mno pale. Huyu wako alishavuka. Dhiki ya kuona mapaja ya mama yamepata mwenyewe mpya huenda imemrudisha nyuma. Wanafunzi wengi huyachanganya mambo haya.

Hatua zenyewe: mdomo hadi mwaka 1 hivi, haja hadi 3, kisha ya jinsia, 3 hadi 6, ambapo dhamiri hujengeka na ndipo alipo mwanao. Hufuata utulivu mpaka kubaleghe, halafu ukomavu. Kwa tatizo lako, Erikson, mwanasaikolojia aliyeendeleza mawazo ya Freud, anafaa zaidi, maana yeye alitanguliza uhusiano wa mtoto na watu. Umri huu, kwake, ni mvutano wa kuthubutu na hatia. Ukimtahayarisha mbele ya majirani, unaongeza hatia.

Kwanza apimwe mkojo zahanati. Akilalamika maumivu, akipata choo kigumu au akiwa na kiu isiyoisha, chanzo huenda ni mwili. Akiwa mzima, mtengee dakika 15 kila siku, nyinyi wawili tu, mtoto mchanga akiwa kwa bibi. Shuka mwanikeni pamoja, bila kumsimanga.