Marathon mbili ndani ya siku sita, inawezekana?
Inawezekana kaka, ila yote inategemea ile ya kwanza utaikimbiaje. Mcheki Shalane Flanagan, mkimbiaji wa Marekani, 2021 ratiba zilivurugwa na korona, marathon ya Chicago ikaangukia tarehe 10 Oktoba na Boston kesho yake tarehe 11, na dada akakimbia zote, Chicago kwa saa 2 na dakika 46, Boston 2:40, yaani ya pili kaenda kasi zaidi! Ila usisahau huyo muda wake bora kabisa wa marathon ni 2:21, kwa hiyo Chicago kwake ilikuwa kama mazoezi tu (sisi wengine ndo tunakufa kilomita ya 32 😂).

Wewe ya kwanza nenda mdogomdogo, pace ambayo unaweza kupiga stori na mwenzako, ukimaliza tu kula hata kama hujisikii, wali, ndizi, kitu chochote chenye chumvi, halafu lala sana, katikati hapo kutembea tu inatosha usijitie kukimbia. Na zile ibuprofen (dawa za maumivu) watu wanazomeza kama karanga achana nazo, ukiwa umeishiwa maji zinaumiza figo. Mkojo ukitoka na rangi kama ya chai ya rangi, ile marathon ya pili usiikimbie, nenda hospitali siku hiyohiyo.